Modemu Yangu Imeniletea Wakwe Wanaolia

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya wakwe, na wakwe wenyewe walikuja saba kwenye gari moja, wamejifunga kanga viunoni, wanalia.

Ngoja niwaeleze kwa mpangilio, maana hapa Nshamba habari imeshatembea na kila anayeipokea anaitia chumvi. Kuna anayesema nilitaka kujidhuru. Kuna anayesema nimefufua mtu. Hakuna aliyekufa na hakuna aliyefufuka. Kulikuwa na modemu tu.

Mnaonifahamu mnajua kwamba mke wangu Adventina yuko kwao Maruku, huu mwezi wa tano. Kwa wasionifahamu: mimi ni Evodi, mwalimu wa hesabu, nakaa Nshamba na mama yangu mzazi. Adventina ni fundi cherehani. Alipoondoka aliondoka na cherehani yake, na mwanamke akipakia cherehani kwenye gari ujue hakwenda kusalimia.

Kosa lilikuwa langu. (Kuandika sentensi hiyo kumenichukua miezi mitano.) Tulikuwa na kompyuta moja, laptop nzito ya mtumba, imejaa virusi, inajizima yenyewe inapotaka. Nikasema dawa yake ni Linux. Nikapata flash yenye Linux kwa rafiki yangu wa Bukoba mjini, nikaichomeka, programu ikaniuliza kama nataka ifute kila kitu. Nikajibu ndiyo. Nilijibu kwa kujiamini, miguu juu ya stuli, nikipiga mluzi. Katika hicho "kila kitu" mlikuwa na picha zote za marehemu baba yake Adventina. Simu iliyozipiga iliibwa siku nyingi. Nakala zilikuwa humo tu.

Akaja akaniuliza, "Picha za Tata ziko wapi?" (Tata, kwa kwetu, ni baba.)

Jibu lililotakiwa lilikuwa neno moja, nisamehe. Mimi nikamwambia, "Lakini ona inavyowaka haraka sasa."

Kwetu utaratibu unajulikana. Mkeo akirudi kwao na kosa ni lako, unatafuta wazee wawili, unabeba rubisi, pombe yetu ya ndizi, unakwenda kukaa chini mbele ya wakwe na kusema kwa kinywa chako kwamba umekosa. Sikwenda. Nilisema nasubiri apoe. Yeye akasubiri nije. Hesabu ya namna hiyo haina jibu, na mimi ndiye mwalimu wa hesabu.

Nyumba iliyozoea cherehani ikikosa cherehani ina ukimya mbaya. Zamani nilikuwa nalalamika kwamba kelele zake zinanizuia kusahihisha madaftari. Sasa nasahihisha bila kelele na sioni raha yoyote. Sakafuni, pale alipokuwa anakaa, simenti imelika kwa miguu ya cherehani, mashimo manne madogo, na nikifagia nayazunguka. Bado naokota vipande vya nyuzi chini ya kitanda, vyekundu, vya kijani. Sivitupi. Naviweka kwenye kikombe. (Ndiyo, nina kikombe cha nyuzi. Chekeni mmalize, tuendelee.)

Wiki iliyopita nikakumbuka kitu. Kabla hatujaoana, Adventina aliwahi kunitumia picha moja kwa barua pepe. Yeye na baba yake, wamesimama mbele ya nyumba yao Maruku, nyuma yao kahawa imeanikwa kwenye mkeka. Chini yake aliandika, "Huyu ndiye utakayekuja kumwomba." Ile anwani yangu ya barua pepe sijaifungua miaka mingi, lakini neno la siri nalikumbuka, kwa sababu ni jina lake. Nikawaza, kama picha bado ipo, naichapisha, naitia kwenye fremu, nakwenda Maruku nikiwa nimembeba Tata mkononi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano nilikuwa na sababu ya kwenda ambayo kiburi changu kingeikubali.

Tatizo lilikuwa mtandao. Simu yangu iko Muleba mjini kwa fundi, kioo kimekufa. Ningeweza kwenda kwenye duka la kompyuta hapa senta, lakini mwenye duka ana tabia ya kusoma skrini pamoja na mteja, halafu anashauri. Sikutaka ushauri. Nikakumbuka kwamba ndani ya droo kuna modemu, ile ya kuchomeka pembeni ya kompyuta, nyeupe, ya zama zile.

Modemu za zama zile zinataka laini pana. Yangu imekatwa mpaka imebaki kama punje ya mtama. Mwenye laini pana katika nyumba hii ni mmoja tu, mama, mwenye simu yake ndogo ya kitochi, ya tangu enzi hizo.

Leo asubuhi nikamkuta anafunga kilemba, anajiandaa kwenda zahanati kupima presha.

"Mama, niazime laini yako."

"Ya nini?"

"Kazi ya shule." (Mungu anisamehe.)

"Na nikipigiwa?"

"Nani anakupigia, mama?"

Akaacha kilemba, akanitazama. "Adventina hunipigia kila Jumapili."

Hilo nilikuwa silijui. Miezi mitano mama anaongea na mke wangu kila Jumapili, na mimi niko chumba cha pili nasahihisha madaftari.

"Anasemaje?"

"Ananiuliza presha."

"Na kuhusu mimi?"

"Kwani wewe una presha?"

Akanipa laini, akapanda bodaboda, akaenda na kitochi chake kitupu mfukoni. Alisema kina saa, kitamsaidia kujua muda.

Nikaanza kazi. Nikachomeka modemu, na Linux ikanijulisha kwa heshima kwamba nimeweka CD. Nikachomoa, nikachomeka tena. CD. Mwenzenu nilikaa nayo saa nzima. Kumbe modemu hizi zilitengenezwa zijifanye CD kwanza, ndipo programu fulani izigutue zikumbuke kwamba ni modemu. Na programu hiyo inapatikana wapi? Kwenye mtandao. Na mtandao unapatikana wapi? Kwenye modemu. Nilikuwa karibu kuitupa kwenye migomba nilipogundua kwamba programu yenyewe ilikuwa imelala humo humo ndani tangu siku ile niliyofuta kila kitu. Nikaiamsha. Modemu ikakubali kuwa modemu.

Likabaki faili moja la mipangilio. Kwa wasiojua, modemu ya namna hii haijiungi hivi hivi. Inapiga namba, sawasawa na simu. Namba ya kuingia mtandaoni ni nyota, tisini na tisa, reli. Lakini karatasi yangu ya maelekezo ilisema kwamba kabla ya yote uhakikishe kama modemu inapiga kweli, kwa kuweka namba yoyote unayoijua.

Namba yoyote ninayoijua. Ya shule siijui. Ya mama siijui, niliihifadhi tu kama "Mama". Ya mkuu wangu wa shule sitaki kuijua. Namba niliyonayo kichwani ni moja peke yake, ya Adventina, nayo niliikariri wakati ule wa kuchumbiana nikiwa natembea kwenda kupanga foleni ya kuchaji simu. Nikaiandika. Tarakimu kumi. Niliziandika polepole. Nikaruhusu ipige mlio mmoja, nikakata. Kitaa cha modemu kikawaka bluu. Inafanya kazi.

Nikarudi kwenye faili, nikafuta namba yake, nikaandika nyota tisini na tisa reli. Nikalifunga faili.

Sikuhifadhi.

Mimi. Mtu anayewaimbia wanafunzi mwaka mzima, hifadhi kazi yako kabla ya kufunga. Faili likarudi kama lilivyokuwa, na ndani yake namba ya mke wangu imekaa inangoja. Nikaamuru modemu ipige. Yakatokea maneno haya kwenye skrini: Inapiga. Haikuunganishwa. Inajaribu tena.

Mimi nikadhani ni mtandao wa huku kwetu, ambao kila mtu anaujua. Nikaifunga modemu kwenye waya mrefu, nikaipitisha dirishani, nikaitundika kwenye mti wa kutegemezea mgomba pale nje, nikaifunika kopo la plastiki isije ikanyeshewa. Karatasi ilisema uwe na subira. Nikaiachia kompyuta hiyo subira, nikachukua panga, nikaenda kwenye kibanja, shamba letu la migomba, kukata majani makavu, kazi ambayo mama alinipa wiki iliyopita. Nilifanya kazi kwa furaha. Nilikuwa nampanga Tata kwenye fremu akilini, nikichagua rangi ya fremu.

Sasa twende Maruku kidogo. Haya nimesimuliwa baadaye.

Adventina alikuwa nje anageuza kahawa kwenye mkeka, simu ndani kwenye chaji. Alipoingia kunywa maji akakuta mama mkwe amempigia mara sitini na tatu. Mama mkwe yule ni mtu wa kupigiwa, yeye hapigi. Akapiga, akaambiwa namba inatumika. Akapiga yangu (hapo kwanza alifikiri, amenihakikishia), haipatikani. Akiwa ameishika simu ikaita tena, akapokea. Kimya. Mvumo fulani tu. "Mama? Mama, ni mimi." Kimya, halafu ikakata.

Wenzangu wa huku mnaelewa. Mtu akikupigia mara sitini na tatu kabla ya mchana, ukapokea, akashindwa kusema, huyo hana habari ya kusema. Huyo ana msiba. Na kwa kuwa mama mkwe hapigi, aliyeishika simu yake ni mtu mwingine, na mwenye presha ni yeye. Adventina akamwonyesha simu shangazi yake, Ma Domitila, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kuongoza kwaya bila kinanda. Ma Domitila hakuuliza swali hata moja. Alikwenda kukata ndizi. Baada ya saa moja walikuwa na gari, mikungu sita, mzigo wa kuni na wanawake saba.

Saa nane hivi niko kwenye migomba, nasikia gari linasimama, halafu nasikia kilio.

Kwetu ukifika msibani huanzi kwa kusalimia wala huulizi. Unalia. Unaanza kulia tangu njiani, unaingia unalia, ukichoka ukakaa chini ndipo unaambiwa nani na imekuwaje. Ndiyo heshima. Ma Domitila alikuwa mbele, mikono kichwani: "Mama yetu! Mama yetu, umetuachia nani!"

Nikasikia neno mama. Mama yangu alitoka asubuhi kwa bodaboda kwenda kupima presha, na mpaka saa nane hajarudi. Simu sina. Laini yake ninayo mimi. Nyinyi mngefikiri nini?

Panga likanidondoka. Nikatoka mbio kwenye migomba, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa Adventina. Alikuwa na gauni la bluu alilojishonea mwaka jana. Amekonda. Mama yangu amekufa, na jicho langu limeona kwanza kwamba mke wangu amekonda na kwamba gauni linampwaya mabegani. Sijui kwa jicho la namna hii mtu atubuje.

Nikaanguka chini nikalia. Wao waliponiona nimeanguka wakajua ni kweli. Mimi nilipoona wanazidi kulia nikajua ni kweli. Hakuna aliyemwambia mwenzake lolote na sote tulikuwa na uhakika.

Na mnajua mtu akilia msiba husema. Maneno hutoka yenyewe, unamweleza marehemu kila kitu, na hakuna wa kukunyamazisha. Mimi nilikuwa na miezi mitano ya maneno.

"Mama, umeniacha na nani?" nililia. "Adventina kaniacha na kosa ni langu! Nilifuta picha za baba yake, nikashindwa kusema nisamehe. Neno moja, mama, lilinishinda!"

Kilio cha wengine kikapungua kidogo.

"Kila siku nasema nitakwenda Maruku, kiburi kinanirudisha! Sijui hata kupika, mama, unajua ndizi zangu zinaungua chini na juu ni mbichi! Nalala na kitenge chake chini ya mto! Naokota nyuzi zake, nazitia kwenye kikombe!"

Sasa walikuwa hawalii tena. Ma Domitila alikuwa amechuchumaa karibu yangu, ametega sikio.

"Endelea, mkwe," aliniambia kwa upole. "Toa yote."

Nikatoa yote. Yaliyobaki siyaandiki hapa, wanafunzi wangu nao wana simu.

Nikiwa katikati ya hayo, bodaboda ikaingia. Ni mama, na mfuko wake wa dawa. Akaona gari, akaona kuni, akaona mikungu imeegemezwa ukutani na wanawake wamekaa chini. Nyumbani aliacha mtu mmoja tu, mimi. Mfuko ukamtoka mkononi.

"Evodi wangu!" akalia kutoka pale pale. "Mwanangu wa pekee! Nilikuacha mzima asubuhi, waitu!"

Kwa hiyo kuna dakika moja leo ambapo mimi nilikuwa upande huu namlilia mama, na mama yuko upande ule ananililia mimi, hatua kumi kati yetu, na wakwe katikati wanageuza shingo huku na huku.

Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Lakini marehemu si huyu hapa?" Hakuna aliyejua anamwonyesha nani.

Na hapo simu ya Adventina ikaita.

Akaitoa mfukoni. Akaitazama, akamtazama mama yangu, akaitazama tena. Akamgeuzia Ma Domitila skrini. Imeandikwa Mama Mkwe. Na mama mkwe mwenyewe amesimama pale, mikono yote miwili kichwani.

Wanawake wawili waliondoka wakaenda kukaa ndani ya gari. Ma Domitila akapiga ishara ya msalaba.

"Pokea," akasema.

"Nimpokee nani, shangazi, na yeye yuko pale?"

Mama akatoa kitochi chake. "Simu yangu hii hapa. Haina hata laini." Nikaona habari inamwingia taratibu, akageuza kichwa kunitafuta. "Evodi. Laini yangu iko wapi?"

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa nimekaa chini, majani makavu kichwani, makamasi yananitoka. Nikanyoosha kidole. Pale dirishani, juu ya mti wa kutegemezea mgomba, chini ya kopo, modemu ilikuwa inawaka bluu, inazimika, inawaka.

Nilieleza. Jaribuni nyinyi siku moja kuwaeleza wanawake saba waliofunga safari kutoka Maruku na kuni zao kwamba CD si CD, ni modemu, na kwamba faili halikuhifadhiwa. Ma Domitila alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza mama, "Hii ndiyo kazi wanayofundisha?"

Adventina aliingia ndani moja kwa moja, chumbani, na mimi nikamfuata. Kompyuta ilikuwa mezani bado inaendelea. Inapiga, na namba yake. Haikuunganishwa. Inajaribu tena. Akapandisha juu kusoma yaliyotangulia. Inajaribu tena. Inajaribu tena. Alipandisha muda mrefu na maneno yalikuwa hayo hayo. Kisha akaangalia simu yake.

"Mia na arobaini na moja," akasema. "Miezi mitano hujanipigia hata mara moja, Mwalimu. Na siku zinapokuja simu mia na arobaini na moja, mpigaji si wewe."

Niseme tu kwamba kumwona amesimama pale, karibu na yale mashimo manne ya sakafuni, kuliniumiza kuliko msiba wa uongo. Nilikuwa nimemkumbuka kiasi kwamba hata akinigombeza nafurahi.

"Ulikuwa unatafuta nini humu?" akauliza.

"Picha ya Tata."

"Ulizifuta."

"Ile moja uliyonitumia kabla hatujaoana. Mko mbele ya nyumba, mmeanika kahawa. Sijui kama bado ipo. Nilitaka nije nayo."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliona kitenge kinatokeza chini ya mto, akaacha kukitazama. Baadaye akasema, "Weka namba inayotakiwa."

Nikafungua faili. Nyota, tisini na tisa, reli.

"Hifadhi," akasema.

Nikahifadhi. Modemu ikapiga mara moja tu. Imeunganishwa.

Barua pepe ilifunguka kwa kujivuta. Nikaandika neno la siri na yeye akiwa nyuma yangu anaangalia vidole vyangu, akaliona ni jina gani. Picha ilikuwepo. Ikaanza kushuka kutoka juu, ukanda baada ya ukanda. Kwanza mbingu. Halafu bati la nyumba. Halafu kofia.

"Ile ile," akasema. "Ya misa."

Likaja paji la uso. Zikaja nyusi, nene, zina mvi. Hapo ikasimama. Tukangoja. Ukaja ujumbe kwamba kifurushi kimekwisha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. "Kimekwisha? Mimi nakitumia wiki mbili hakiishi," akasema, akarudi kwa wageni.

Adventina aliweka kidole kwenye skrini, juu ya zile nyusi, akakiacha pale. Alilia. Safari hii hakuna aliyeongoza, na hakikuwa kilio cha kusikika nje. Nikajua ndio wakati, nikamwambia, "Nisamehe." Lilitoka vizuri tu. Sijui miezi mitano nilikuwa nalizuia la nini.

"Nimeshasikia pale nje," akajibu, anajifuta kwa kiganja. "Na shangazi amesikia. Kufika jioni Maruku yote itakuwa imesikia, mpaka habari za kikombe."

Chakula kilichopelekwa msibani hakirudi kilikotoka. Kwa hiyo kuni zilizoletwa kumpikia marehemu zilipika, na ndizi zikamenywa, na maharage ya mama yakaongezwa, tukala wote pamoja na dereva. Wanawake wawili wa kwenye gari walikubali kushuka baada ya mama kuwashika mikono waone ina joto. Mama ndiye aliyekula zaidi. Alisema ndizi za msiba wake mwenyewe hazimpiti. Presha yake zahanati walisema iko vizuri. Nadhani kesho arudi wapime upya.

Wakati wa kuondoka Ma Domitila alinishika bega. "Mkwe, umelia vizuri sana," akasema. "Lakini hukulia kwetu." Akapanda gari.

Adventina alikuwa wa mwisho. Nilishika mlango wa gari kama mtu anayetaka kuufunga, na sikutaka kuufunga.

"Hubaki?" nikamuuliza.

"Nitabakije? Nimekuja msibani, na msiba umekwisha." Akapanga gauni lake, akakaa. Kisha akanitazama, na hakuwa na hasira, nawaapia. "Sehemu ya Tata iliyobaki utaniletea mwenyewe. Na usipige simu."

Wakaondoka.

Nimekwenda senta kununua kifurushi, na watu watatu wamenipa pole ya msiba, nikazipokea maana kueleza ni kirefu. Nimepita kwa wazee wawili, wote wamekubali, na mmoja akaniuliza kama ni kweli habari za kikombe. Ndizi za rubisi mama amekwenda kuzichagua mwenyewe. Jumamosi ijayo tunakwenda Maruku. Kwa sasa niko mezani, modemu iko juu ya mti wake, na picha nimeianza upya. Mtandao unajikokota, lakini nyusi zimepita, macho yamepita, na nimegundua kwamba Adventina ana macho yake.

Chekeni, sina uwezo wa kuwazuia. Ila mwenye namba ya mama yangu namwomba asimpigie jioni hii, hata kama ni kumpa pole. Simu ikiingia picha inakatika, na Tata ameshafika kwenye masharubu.